Shamba la Ngong na Hesabu za Hollywood

Filamu ya Out of Africa iliingia katika kumbi za sinema za Marekani mwezi Desemba 1985. Kuitengeneza kuligharimu takribani dola milioni 30. Wapo wanaotaja milioni 28 na wapo wanaotaja 31. Katika Marekani na Kanada pekee tiketi zake ziliingiza dola milioni 87, na kwa hesabu ya dunia nzima mapato yalivuka dola milioni 200. Machi 1986 ikatunukiwa tuzo 7 za Oscar, ikiwamo ya filamu bora ya mwaka na ile ya mwongozaji bora, Sydney Pollack. Wakati huo dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takribani shilingi 16 za Kenya. Kwa hiyo bajeti yake peke yake ilikaribia shilingi nusu bilioni, zilizotumika kusimulia habari za shamba moja la kahawa lililofilisika chini ya vilima vya Ngong.

Mimi si mhakiki wa filamu, wala sikusudii kuamua iwapo Meryl Streep aliigiza vizuri. Ninafundisha historia, na bajeti ya filamu kwangu ni waraka wa kihistoria kama ulivyo waraka wa forodha au daftari la kodi ya kichwa. Inaonesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye mali, nani kibarua, na nani hakuhesabiwa kabisa. Wanafunzi wangu wengi wameiona filamu hii kwa vipande tu: ile ndege ndogo juu ya ziwa lenye korongo, ule muziki wa John Barry, yule bwana akimwosha bibi nywele kando ya mto. Ni wachache waliowahi kujiuliza fedha zile zilipita wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa hata watumishi wa umma wanaohusika na utalii na utamaduni huisoma kimakosa. Mtu akisikia filamu iligharimu milioni 30 na kuingiza milioni 200, hutoa 30 kutoka 200 na kudhani faida ni milioni 170. Sivyo. Fedha ya tiketi hugawanywa kwanza na mwenye ukumbi, ambaye kwa wastani hubaki na karibu nusu. Nusu inayosalia humfikia msambazaji, naye hukata ujira wake wa usambazaji, kisha hukata gharama za matangazo na za kuchapisha nakala za mkanda, ambazo hazimo kabisa katika ile bajeti inayotangazwa. Ndiyo maana wenye biashara hiyo husema filamu haina budi kuingiza walau mara mbili, au mbili na nusu, ya bajeti yake kabla haijaanza kupumua. Kwa kipimo hicho Out of Africa ilipumua vizuri sana, na baada ya kumbi zikaja kanda za video, televisheni na sahani za muziki.

Lakini kuna ngazi nyingine chini ya hiyo, nayo ndiyo ya kutia shaka. Mikataba ya Hollywood hutofautisha mgawo wa mapato ghafi na mgawo wa faida halisi. Nyota wakubwa hupewa wa kwanza. Wanyonge, ambao aghalabu ni waandishi, hupewa wa pili, nao huwa haufiki. Ushahidi maarufu zaidi ni kesi ya Art Buchwald dhidi ya studio ya Paramount kuhusu filamu Coming to America ya 1988, ile ya mwana wa mfalme wa Kiafrika wa kubuni. Filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani ilisemwa mahakamani kuwa haijapata faida halisi hata senti moja. Mwaka 1990 jaji wa California alikataa hesabu hiyo na kuuita utaratibu huo usiokubalika kwa dhamiri. Studio ikalipa na kuyamaliza, na mikataba ikaendelea kuandikwa vilevile.

Sasa turudi Ngong. Karen Blixen alikuja Kenya mwanzoni mwa 1914 na kuondoka 1931. Shamba lake lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, na kahawa ilipandwa katika ekari 600 hivi, katika mwinuko usioifaa kahawa. Ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya nchi ya Wagikuyu na Wamasai kabla ya kupimwa na kugawiwa walowezi. Wagikuyu waliobaki juu yake wakaitwa maskwota, na kulipa haki ya kuishi pale kwa siku kadhaa za kazi kila mwaka. Kampuni ilipofilisika, shamba liliuzwa kwa mfanyabiashara wa viwanja aliyelikatakata, na mtaa uliozaliwa ukaitwa Karen. Blixen aliihangaikia serikali ya kikoloni ili maskwota wake wahamishwe pamoja wasitawanywe, na hatimaye wakapewa nafasi Dagoretti. Hilo ni jambo la kweli na la heshima, na filamu inalionesha: Streep anapiga magoti mbele ya gavana mpya. Ambacho hakioneshwi ni kwamba mtu anapiga magoti kuomba wenyeji waruhusiwe kukaa pamoja katika nchi yao wenyewe. Mtazamaji anamlilia anayeomba, na wanaoombewa wamesimama nyuma, hawana la kusema.

Kitabu chake kilitoka 1937. Kwa miaka mingi watengenezaji filamu walikizunguka bila kufaulu, kwa sababu kitabu hakina kisa kinachoanza na kuisha. Ni kumbukumbu zilizotawanyika, na penzi la Denys Finch Hatton halisemwi wazi. Kilichofungua njia ni vitabu vingine viwili: wasifu wa Finch Hatton ulioandikwa na Errol Trzebinski mwaka 1977, na wasifu wa Blixen ulioandikwa na Judith Thurman mwaka 1982. Filamu inavitaja vitabu hivyo kuwa chanzo chake, pamoja na maandishi ya Blixen mwenyewe. Huu ndio utaratibu wa sheria ya hakimiliki: aliyeandika na kuchapisha ana mali, na mali hiyo hununuliwa kabla kamera haijawashwa.

Yupo hata hivyo Kamante Gatura, mpishi, ambaye bila yeye kitabu cha Blixen kingepoteza sura zake nzuri kuliko zote. Mwaka 1975 Peter Beard alichapisha kitabu cha masimulizi ya Kamante mwenyewe kuhusu miaka ile ile na shamba lile lile. Kitabu hicho hakimo miongoni mwa vilivyotajwa kuwa chanzo. Kamante anaonekana katika filamu akiwa mtoto mwenye kidonda mguuni, kisha mpishi mwenye kanzu nyeupe. Alitazamwa na wote, akaandikwa na mmoja, na mwisho akaigizwa. Sheria haikuvunjwa mahali popote, na hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa sheria ya hakimiliki haina safu ya mtu ambaye maisha yake yamekuwa malighafi ya kitabu cha mwajiri wake.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikishambulia kitabu cha Blixen mara kadhaa, katika Detained ya 1981 na katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre ya 1993. Hoja yake ni kwamba upendo wa Blixen kwa Waafrika ni upendo wa mtu kwa wanyama wake, na kwamba upendo wa aina hiyo ni hatari kuliko chuki ya wazi kwa sababu unasifiwa. Wapo wanaomwona Ngũgĩ amezidisha. Mimi naona amezidisha kidogo kuhusu mwanamke yule, na hakuzidisha hata chembe kuhusu wasomaji wake.

Lakini lililo kubwa zaidi kwangu ni tarehe. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwendo usio mrefu kutoka Ngong, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi za watu 2,000 na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu walilipa kiingilio na kusafiri kutoka mbali kwa mabasi ya kukodi. Onesho la kwanza lilikuwa Oktoba. Novemba serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi. Miaka mitatu baadaye Hollywood ikapokewa kwa mikono miwili, ikajenga Nairobi ya bandia ya miaka ya 1910, ikakusanya umati wa Wagikuyu wa kuigiza maskwota, na mwaka 1986 nyumba ya Blixen ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Nyumba hiyo Wadenmark walikuwa wameinunua na kuizawadia Kenya katika uhuru wake; kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa sehemu ya chuo. Serikali iligundua thamani yake ya kihistoria baada ya filamu kuuza tiketi.

Sisemi kwamba Makumbusho ya Taifa yalikosea. Mgeni akilipa kiingilio, mlinzi na mwongozaji wanapata mshahara, na hilo si dogo. Nasema tu kwamba dola hiyo moja ilimpa Mkenya ruhusa ya kumwigiza skwota katika hadithi ya mlowezi muda mfupi baada ya kuuvunja ukumbi ambamo mjukuu wa skwota alikuwa akijiigiza mwenyewe. Kamĩrĩĩthũ nako kulikuwa na bajeti, nako kulikuwa na mapato ya mlangoni. Anayeandika historia ya uchumi wa sanaa Kenya na kuanza na Hollywood amekwisha kuchagua upande.

Na kuna mlinganisho mwingine ambao sijauona ukifanywa mara nyingi kwetu. Mwezi ule ule wa Desemba 1985 ilitoka The Color Purple, iliyotokana na riwaya ya Alice Walker, mwandishi Mmarekani mweusi. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 15, yaani nusu ya ile nyingine, na katika soko la Amerika ya Kaskazini iliingiza zaidi ya dola milioni 90. Iliuza zaidi kwa gharama ndogo. Filamu zote mbili ziliteuliwa mara 11 katika Oscar. Ya Blixen ilichukua 7. Ya Walker haikuchukua hata moja. Tunaambiwa kila siku kwamba soko ndilo linaloamua hadithi zipi zitatengenezwa. Mwaka ule soko lilisema, na waliokuwa wakigawa heshima hawakulisikia.

Mafanikio ya Out of Africa yaliwafanya matajiri wa sinema waamini kwamba wamepata kanuni: mandhari ya Kenya, mzungu mwenye huzuni, na machweo. Kanuni hiyo ilijaribiwa tena mwaka 2000 katika I Dreamed of Africa, kutokana na tawasifu ya Kuki Gallmann wa Laikipia. Bajeti ilikuwa dola milioni 50. Mapato ya dunia nzima hayakufika hata milioni 15. Machweo yalikuwepo, kwa hakika.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, ilitoka The Ghost and the Darkness, juu ya simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Chanzo chake ni kisa kile kile ambacho mhandisi J. H. Patterson alikisimulia katika kitabu chake cha 1907. Iligharimu dola milioni 55 na kuingiza kama milioni 75 duniani, kiasi ambacho kwa hesabu tuliyoieleza hapo juu si ushindi. Jambo la kuwavutia watumishi wa umma ni mahali ilipopigwa. Daraja la Tsavo, reli ya Mombasa, simba wa Kenya: vyote vilitengenezwa upya Afrika Kusini, kwa sababu sheria za kodi za Kenya zilimfanya mtayarishaji apige hesabu na kuondoka. Karibu dola zote zilizokuwa zitumike kwa hoteli, malori, mbao, mafundi seremala, wapishi na walinzi zikavuka mipaka kadhaa kwenda kusini. Hadithi yetu ikabaki jina tu kwenye bango.

Simba wenyewe hawapo Tsavo pia. Patterson aliitumia ngozi yao kama zulia, kisha katika miaka ya 1920 akaziuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, na huko wamesimamishwa hadi leo. Katika kitabu chake alitaja vibarua 28 wa Kihindi waliouawa, na kuongeza kwamba pamoja nao walikufa Waafrika wengi ambao hapakuwekwa kumbukumbu rasmi yao. Nawasihi wanafunzi wa historia wasimame kidogo hapo. Tunajua bei ya ngozi za simba. Tunajua bajeti ya filamu na mapato yake. Idadi ya Waafrika walioliwa hatuna, kwa sababu aliyekuwa na daftari hakuona haja ya kuwaandika.

Baada ya miaka kama kumi mambo yalibadilika kiasi. The Constant Gardener, kutokana na riwaya ya John le Carré ya 2001, ilipigwa Kenya hasa: Kibera, Nairobi na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Mwongozaji, Fernando Meirelles, ni Mbrazili, na sina shaka kwamba mtu aliyekwisha kupiga kamera katika mitaa duni ya Rio aliiona Kibera kwa jicho tofauti na lile la Pollack lililoelekezwa Ngong. Bajeti ilikuwa dola milioni 25, mapato yakapita milioni 80, na Rachel Weisz akapata Oscar. Riwaya yenyewe inazungumzia kampuni ya dawa inayofanya majaribio kwa maskini wa Kenya na maafisa wanaofumba macho. Kwamba serikali iliruhusu hadithi ya namna hiyo ipigwe katika ardhi yake ni dalili ya jinsi hali ya hewa ilivyobadilika baada ya uchaguzi wa 2002. Mwaka 2005, mwaka filamu ilipotoka, Kenya ikaanzisha Tume ya Filamu.

Watengenezaji wa filamu hiyo waliunda mfuko wa hisani wa kusaidia elimu ya msingi katika maeneo waliyopiga picha. Ni jema, na walifanya zaidi ya wengi waliowatangulia. Hata hivyo hisani na mgawo ni vitu viwili. Hisani huamuliwa na anayetoa, kiasi chake na mwisho wake. Mgawo huandikwa katika mkataba, na ukicheleweshwa unaweza kuudai mahakamani. Mtu aliyeajiriwa Kibera kupita mbele ya kamera alilipwa kwa siku, kama ilivyo desturi ya waigizaji wa ziada popote duniani, na deni likaishia hapo.

Inapozungumzwa sera ya filamu katika nchi zetu, mjadala wote huishia kwenye nafuu ya kodi: turudishe asilimia ngapi ili waje. Somo la Tsavo linaonesha kwamba swali hilo si la kupuuzwa. Lakini sehemu kubwa ya bajeti ya filamu kubwa haitumiki mahali kamera ilipo. Malipo ya nyota, mwongozaji na mwandishi, ununuzi wa haki za kitabu, uhariri, muziki, bima, yote hulipwa kwingine. Afisa anayepewa karatasi inayosema bajeti ni dola milioni 30 na kuahidi nafuu kwa kuitazama tarakimu hiyo ametazama tarakimu isiyomhusu. Aulize ni kiasi gani kitatumika ndani ya nchi, kwa risiti. Na aulize haki za hadithi ziko mkononi mwa nani, maana huko ndiko fedha inakoendelea kurudi miaka 40 baadaye.

Haki hizo hununuliwaje? Mara nyingi mtayarishaji hainunui hadithi siku ya kwanza. Hulipa kiasi kidogo ili mwandishi asiiuze kwa mwingine kwa muda wa mwaka mmoja au miwili, na kiasi hicho aghalabu huwa sehemu moja ya kumi ya bei iliyopatanwa. Akipata fedha za kutengeneza filamu, hulipa bei kamili. Asipopata, muda huisha na haki hurudi kwa mwandishi. Waandishi wetu wengi wa Kiswahili hawajui kwamba jambo hili lipo, na mikataba yao ya uchapishaji ya zamani huenda ilikwisha kumpa mchapishaji haki zote, hata za filamu, katika kifungu kimoja cha maneno madogo.

Miaka michache iliyopita aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye ameandika riwaya moja, aliniletea mkataba wa kampuni moja ya kigeni iliyotaka kuifanya filamu. Aliahidiwa asilimia 5 ya faida halisi. Nilimsimulia habari za Buchwald. Akaandika kuwajibu kwamba asilimia hizo waziondoe, wamlipe badala yake kiasi maalumu siku kamera itakapowashwa, na kwamba jina la kijiji cha bibi yake lisibadilishwe. La kijiji walilikubali upesi. La fedha walilivutania miezi mitatu, kisha wakalikubali. Miezi 18 ikapita bila wao kupata wa kuwakopesha, na kwa mujibu wa mkataba haki zikarudi kwake. Malipo ya awali hakutakiwa kuyarudisha. Sasa yuko na kampuni ya pili, na safari hii mkataba ameuandika yeye.